Naota huku nikijua kwamba naota: nifanyeje ili ndoto zifike kwenye turubai?

Brashi wa Uyole: Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mchoraji, naishi Uyole, Mbeya. Tangu masika yaishe nimekuwa nikiota huku najua kabisa kwamba naota, na humo ndotoni nasimama nikatazama rangi kwa utulivu. Majuzi nilikuwa ukingoni mwa Ziwa Ngosi, maji yamekuwa mekundu kama udongo wa barabarani baada ya mvua, mwanga ukipanda kutoka chini. Natega kengele ya simu saa tisa usiku, naamka kidogo, kisha narudi kulala. Tatizo ni kwamba nikishika brashi asubuhi, nusu imeshapotea. Naomba ushauri wa haraka, maana kuna watu wanasubiri kazi.

Mwalimu Kihesa: Ukiamka usijigeuze, andika kwanza, uchore baadaye. Mwaka 1975 mtafiti wa usingizi Keith Hearne, huko Hull, Uingereza, alirekodi ishara ambazo mwotaji alizitoa kwa macho akiwa bado usingizini, kwa kuwa katika awamu ya usingizi yenye ndoto mwili hulegea lakini macho hubaki yakicheza. Awamu hizo hurefuka kuelekea alfajiri, ndiyo sababu kengele yako inafaa. Mchoraji Salvador Dalí naye alieleza njia ya mchana: unakaa kitini umeshika ufunguo mzito juu ya sahani, usingizi ukikuchukua ufunguo unaanguka, unaamka taswira ikiwa bado mbichi.

Mama Makambako: Baba yangu mdogo alikuwa seremala pale Njombe, na kabati lake zuri kuliko yote alisema alioneshwa usingizini. Lakini alisali kabla ya kulala. Sali, mwanangu, si kila kinachokuja usiku ni cha kupokelewa.

Muuguzi Tukuyu: Mdogo wangu, kwa nini zimeanza baada ya masika? Ulibadilisha nini?

Brashi wa Uyole: Sinywi pombe wala sivuti bangi, dada. Nimebadilisha ratiba ya kulala tu.

Muuguzi Tukuyu: Sikuuliza pombe. Kuna dawa uliyoanza au uliyoacha?

Brashi wa Uyole: Nina kifafa tangu utotoni. Nilikuwa nameza fenobabitoni kila usiku, nikilala fofofo bila kuota chochote. Nimepunguza mwenyewe, na siku nyingine siimezi kabisa. Sijaanguka hata mara moja. Tena nimeshapokea malipo ya awali ya kuchora ukuta wa hoteli, na mchoro waliouchagua ni huo wa Ngosi, kwa hiyo siwezi kurudi kwenye usingizi usio na kitu.

Kinyonga wa Mafinga: Uzi huu umetungwa. Picha hatujaoneshwa hata moja, na mgonjwa wa kifafa haandiki kwa mpangilio namna hii.

Mwalimu Kihesa: Hapo umewakosea wengi, ndugu. Mwandishi Fyodor Dostoevsky wa Urusi alikuwa na kifafa, na dunia nzima inamsoma.

Kinyonga wa Mafinga: Sawa, hilo nimelikubali. Lakini bado namtaka atoe ushahidi.

Brashi wa Uyole: Vidonge ni vidogo, vyeupe, viko kwenye kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu «kimoja usiku». Kovu la mkono wangu wa kushoto ni la jiko la mkaa, nililiangukia nikiwa darasa la tano. Unataka nini zaidi?

Muuguzi Tukuyu: Iwe kweli au hadithi, kuna msomaji mwingine mwenye kibahasha kama hicho, kwa hiyo najibu. Fenobabitoni hubana ile awamu ya usingizi yenye ndoto; ukiipunguza ghafla, ndoto hurudi kwa nguvu kubwa. Unachokiona ni ubongo unaoachishwa dawa. Kuiacha hivyo kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokatika, ambacho huua, na kukatiza usingizi saa tisa kunaongeza hatari. Zima kengele leo. Kesho nenda kliniki, useme wazi kwamba dawa inakulemea, maana zipo nyingine ambazo daktari anaweza kukubadilishia taratibu. Ngazi usipande.

Brashi wa Uyole: Kengele nimezima. Kliniki nitakwenda, ila fundi ameshafunga jukwaa la miti ukutani, na nikisema sipandi kazi atapewa mwingine. Ule ufunguo wa mchana, dada, unaruhusiwa?

Muuguzi Tukuyu: Muulize daktari huyo huyo. Kesho nani anakusindikiza?