Kahawa kwa mtoto asiyetulia: yaweza kushika nafasi ya dawa?

Mzazi_Masaka
Hamjambo wenzangu. Mtoto ana miaka 7, kilo 22, yuko P.2 (darasa la pili la msingi). Hatulii kitini, hamalizi zoezi, na daktari ametaja ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia). Jirani anasema kikombe kidogo cha kahawa asubuhi humtuliza mtoto wa aina hii. Tunayo robusta ya kusaga nyumbani. Nimpe kiasi gani?

Muuguzi_Watoto
Usimpe, ndugu. Jirani hakubuni: miaka ya 1970 Marekani walijaribu kahawa kwa watoto hawa, kwa kuwa huchangamsha ubongo kama methilfenideti, dawa ya ADHD. Majaribio makini zaidi yalionyesha kafeini, kichangamshi kilicho ndani ya kahawa, iko nyuma sana ya dawa hiyo, na mara nyingi haikuzidi kidonge kitupu kisicho na dawa. Methilfenideti huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, isirudishwe haraka ndani ya seli. Kafeini huziba vipokezi vya adenosini, kemikali ya ubongo inayoleta usingizi. Mtoto atakuwa macho, lakini umakini ni jambo jingine.

Tena baada ya saa 5 hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Akinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku anagaagaa kitandani, na kesho darasani anahangaika zaidi ya jana.

Mkaanga_Kahawa
Hesabu: Kanada wameweka kikomo cha miligramu 2.5 za kafeini kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Kwa kilo 22 ni 55. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Mlima Elgon, kiasi cha asilimia 2 ya uzito. Gramu 5 tu za unga ni kama miligramu 100, na ukichemsha sufuriani nyingi hutoka. Kwa kijiko huwezi kupima.

Mzazi_Masaka
Asanteni. Na chai ya rangi?

Muuguzi_Watoto
Ina kafeini pia, na ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara huenda tayari ana upungufu wa damu, nao huvuruga umakini. Omba apimwe damu, masikio na macho. Kama aliwahi kupata malaria ya ubongo au degedege, mwambie daktari. Akiwa na pumu na anatumia aminofilini (dawa ya pumu), kafeini ni hatari zaidi: zote mbili huuchangamsha moyo.

Wakati mnasubiri, mwalimu amkalishe mbele mbali na dirisha, ampe agizo moja moja, na amsifu papo hapo. Butabika, hospitali ya afya ya akili Kampala, wana huduma ya watoto, omba rufaa.