Nina siku nne za bure Ujerumani na Ucheki: bia nzuri naipataje?

Kiti cha Dirishani:

Wakuu, salaam.

Mwezi ujao nakwenda Frankfurt kwenye maonyesho ya vifungashio. Kazi ni ya siku tatu, halafu nina siku nne zangu mwenyewe kabla ya ndege ya kurudi. Nimesafiri kikazi karibu miaka tisa na, niwe mkweli, kila nilikokwenda nimekunywa bia ile ile. Mnajua inavyokuwa: umechoka, unashuka baa ya hoteli, unaona chupa ya kijani unayoifahamu, unaagiza, unapanda kulala. Safari iliyopita nililala siku nne katika mji ambao kumbe ulikuwa na kiwanda kidogo cha bia mtaa wa pili tu kutoka hotelini. Nilikuja kujua niko kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege, dereva ndiye aliyenionyesha. Iliniuma hadi leo.

Safari hii sitaki yanikute tena. Nitatumia treni, naweza kuvuka hadi Ucheki. Sitaki orodha ya bia mia moja, sina ini la kutosha. Nataka kujua niende wapi, na nikifika mahali nisipopajua nitatambuaje kwamba bia ya hapo ni nzuri kabla sijaagiza?

Mzee wa Nusu:

Kunywa yoyote mkuu, ikifika ya tatu zote zinafanana.

Fundi Rola:

Mzee wa Nusu, wewe kaa pembeni kidogo.

Mkuu, mimi natengeneza mitambo ya kuchapisha magazeti. Mtambo ukigoma wananiita, nakaa siku mbili tatu kwenye mji ambao hata jina lake silitamki sawasawa, na jioni sina la kufanya. Kwa hiyo haya ninayokwambia nimeyapata kwa miguu.

Kwanza, acha kutafuta jina, tafuta umri. Hizi bia za kawaida za rangi ya dhahabu zina maadui watatu: muda, joto na mwanga. Mwanga ndio wenye haraka. Ile chupa yako ya kijani ikikaa dirishani juani, mwanga unaushika uchungu unaotoka kwenye hopsi, yale maua wanayotilia bia, na kuugeuza harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inazuia vizuri, ya kijani inazuia kidogo sana, ile ya kioo cheupe haizuii kitu. Wengi wetu tumeizoea harufu hiyo hadi tunadhani ndiyo ladha ya bia ya nje.

Kwa hiyo nikiingia baa sitazami orodha, natazama meza. Ukikuta wazee watano wameshika glasi za namna moja, pipa hilo linakwisha leo. Ukikuta bomba 30 ukutani na wateja sita, piga hesabu mwenyewe yale mapipa yamefunguliwa lini. Kuna mahali niliwahi kuvutwa na ukuta wa mabomba kama huo, nikaagiza ya bei mbaya kuliko zote, ikaja inanuka siagi. Kumbe mipira inayoleta bia kutoka kwenye mapipa ilikuwa haijasafishwa siku nyingi. Nikawa naangalia jamaa wawili kwenye kaunta wanakunywa ile ya kwanza kabisa kwenye orodha, wamestarehe.

Sasa njia. Frankfurt wenyewe wanajivunia zaidi mvinyo wao wa matofaa. Onja usiku wa kwanza, kisha ondoka.

Köln ni saa moja hivi kwa treni ya kasi. Bia yao ni Kölsch, wanaileta kwenye glasi nyembamba ya lita 0.2, ukiiona utadhani umeletewa kipimo cha maabara. Mhudumu anaitwa Köbes na hana muda wa kukubembeleza. Hangoji uagize: ikiisha anaweka nyingine, anachora mstari kwenye kile kikadi kilicho chini ya glasi, anapita. Mara ya kwanza sikujua, nikadhani jamaa amenipenda tu. Ilikuwa mstari wa nane ndipo babu wa meza ya jirani alipochukua kikadi changu akakilaza juu ya glasi. Maana yake: imetosha. Lakini wana akili wale watu. Glasi ndogo haipati nafasi ya kupoteza povu wala kushika joto mkononi mwako.

Bamberg ndiko ningelala siku mbili. Kuna baa inaitwa Schlenkerla, bia yake ni ya moshi kwelikweli. Kimea kinakaushwa juu ya moto wa kuni na moshi unapita katikati ya punje. Zamani kimea kingi kilikaushwa kwa kuni hivyo, wengine wakaacha walipopata majiko yasiyopitisha moshi kwenye kimea. Hawa hawakuacha. Funda la kwanza utadhani umelamba paja la nguruwe lililokaushwa. Usihukumu hapo, ngoja glasi ya tatu. Ukishindwa, nenda Mahrs Bräu uombe "U", tamka tu hivyo hivyo, herufi moja. Ni bia isiyochujwa na ina gesi ndogo, inashuka polepole.

Kukiwa na jua, panda mlimani kwenye bustani wanazoziita Keller. Utashangaa mtu anakwambia anakwenda "juu ya ghala la chini." Ni hivi: zamani Bavaria, jimbo ilipo Bamberg, walikatazwa kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa joto liliiharibu na mioto ya kupikia ilikuwa hatari kwa miji wakati wa kiangazi. Bia ya miezi hiyo ikahifadhiwa kwenye mahandaki ndani ya kilima, juu yake wakapanda miti yenye kivuli ili ardhi isipate joto. Watu wakaona upuuzi kubeba bia hadi mjini wakati kivuli kiko pale pale. Wakaweka mabenchi.

Halafu Plzeň, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1838 wenyeji walikasirikia bia yao mbovu wakamwaga mapipa 36 hadharani. Wakajenga kiwanda kipya, wakamleta mpishi wa bia kutoka Bavaria, Josef Groll, na mwaka 1842 akawatolea bia ya rangi ya dhahabu, angavu, wakati nyingi za enzi hizo zilikuwa nyeusi nyeusi. Maji ya pale ni laini, karibu hayana chumvi, na hopsi zinatoka Žatec. Nusu ya dunia bado inaiga. Zunguka kiwandani, mwishoni wanakushusha kwenye mahandaki wanakukingia kutoka pipa la mwaloni, haijachujwa wala kupashwa moto wa kuua vijidudu. Baridi ya kule chini inaingia mfupani, vaa koti.

Na ukiwa Ucheki tazama anayemimina. Anasuuza glasi kwa maji baridi mpaka iteleze, anailaza, anafungua bomba kidogo litoke povu kwanza, zito kama maziwa yaliyopigwa. Kisha anafungua lote, bia inaingia chini ya povu, haipasui. Ukiletewa vidole vitatu vya povu usilalamike, lile ndilo shuka la bia. Kuna hadi mtindo wa glasi karibu yote povu, wanaita mlíko, maziwa. Na zile namba 10, 11, 12 kwenye orodha si kilevi! Ni kipimo cha sukari kabla bia haijachachuka. Ya 12 huwa na kilevi cha asilimia 5 hivi. Niliwahi kukimbia bia nzuri nikidhani itaniangusha.

Kiti cha Dirishani:

Fundi, hapo kwenye namba umeniokoa. Ningeagiza juisi.

Dada Kizibo:

Fundi, shikamoo kama umenizidi umri, lakini kwenye hiyo habari ya umri wa bia umeteleza. Ni kweli kwa bia unazozitaja. Nenda Brussels uone.

Kuna kiwanda kinaitwa Cantillon, kipo Anderlecht, tangu mwaka 1900, unatembea kwa miguu kutoka stesheni ya Midi. Unajizungusha mwenyewe, hakuna wa kukushika mkono. Darini kuna sinia la shaba, pana kama chumba, kina chake ni kifupi. Wanamwaga humo maji ya kimea yakiwa moto, wanafungua matundu ya paa, wanakwenda kulala. Hakuna hamira ya dukani. Kinachoelea hewani usiku ule ndicho kinachochachusha. Ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu. Usiwaguse buibui wao, wapo kazini: wanakula wadudu wanaofuata mapipa.

Bia yenyewe, lambic, inakaa kwenye pipa la mbao. Ile wanayoiita gueuze wanachanganya ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu, inachachuka tena chupani. Chachu kama ndimu na harufu ya banda la farasi. Mume wangu alionja akaniuliza nani amemkosea. Mimi nililia kidogo, sijui kwa nini.

Na Orval, ya watawa, weka chupa mbili, moja kunywa leo, nyingine mwakani, uniambie kama ni bia moja. Kwa hiyo sheria ya "mpya ndiyo nzuri" ina mipaka, na mipaka yenyewe ipo Ubelgiji.

Fundi Rola:

Marahaba. Nakubali, niliongea kama fundi wa mashine. Ila huyu ana siku nne, Brussels itamla siku nzima.

Kiti cha Dirishani:

Mnanichanganya, lakini endeleeni. Swali dogo: nikiletewa bia imeharibika, nairudisha? Naogopa kuonekana mshamba.

Glasi Nzima:

Mimi nimeishi Sheffield miaka sita, nazungumzia Uingereza tu. Kule kuna bia ya pipa ambayo bado ni hai, inaendelea kuchachuka palepale chini ya baa, na inavutwa kwa mkono bila kusukumwa na gesi. Pipa likishafunguliwa hewa inaingia, una siku tatu hivi, baada ya hapo ni siki. Kwa hiyo kurudisha ni jambo la kawaida. Usiseme "mbaya." Sema tu, kwa upole, hii pipa lake limefika mwisho. Mwenye baa ataionja, ataachana nayo, atakuvutia nyingine. Akianza kubishana na wewe, hapo pia umejua baa gani umeingia.

Halafu usirudishe kwa sababu haina barafu. Inatakiwa iwe nyuzi 11 hadi 13. Si ya baridi, na si ya moto kama tunavyoita sisi. Mwenzangu mmoja alirudisha tatu mfululizo akidhani friji limekufa. Aibu ikawa yangu.

Hujui uchague ipi? Omba uonje kidogo, wanakupa. Au agiza nusu painti.

Mzee wa Nusu:

Jina langu limetajwa.

Dada Kizibo:

Nyongeza ya kubeba. Chupa ziende kwenye begi la kukabidhi, mkononi viwanja vingi hupiti na zaidi ya mililita 100. Kila chupa ndani ya soksi, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha katikati ya nguo, isiguse ukuta wa begi. Mimi niliruka hatua ya plastiki mara moja tu. Kesho yake nilihudhuria kikao kwa suti inayonuka lile banda la farasi, na hakuna aliyeniuliza, ambalo ndilo lililoniumiza. Angalia pia sheria za nchi unayopitia, si unayokwenda tu. Kuna viwanja ambako kubadilisha ndege na pombe kunaweza kukupa kesi.

Kiti cha Dirishani:

Nimerudi, wiki ya pili sasa. Ripoti fupi.

Köln: kikadi nilikilaza kwenye glasi ya tano, Köbes akanitazama kama nimemtukana, nikakitoa. Nikakilaza tena kwenye ya saba.

Bamberg nilifika jioni, mvua. Siku iliyofuata ikafunguka nikapanda Keller saa tisa mchana na kitabu ambacho sikukifungua. Meza zile unakaa na yeyote. Nilikaa na mama mmoja na mwanawe fundi bomba, hatukuwa na lugha ya pamoja, tukawa tunaonyeshana glasi. Treni yangu ya kuelekea Plzeň ilikuwa saa kumi na moja. Niliiona saa ikifika kumi na moja, nikaiona ikipita.

Kwa hiyo Plzeň sijaiona, Fundi, nisamehe.

Fundi Rola:

Hapo sina la kukusamehe. Ile ya moshi je? Ulifika ya tatu?

Kiti cha Dirishani:

Nilifika. Bado ni paja la nguruwe. Nikarudi kwenye "U."