Epica na nyimbo sita za The Solace System: kazi au viporo?

Kijenge Juu: Wakuu, salaam. Najua humu wengi mnaniona nimechanganyikiwa na huu muziki, ila hili lazima niliseme. Epica, bendi ya metali ya Uholanzi, walitoa albamu ya The Holographic Principle Septemba 2016, nyimbo 12. Mwaka haujatimia, Septemba 2017 wakaleta EP, yaani albamu fupi, The Solace System: nyimbo sita walizorekodi kipindi kilekile cha albamu zikakosa nafasi. Hivi viporo ndivyo vya kumuuzia shabiki? Kama zilikuwa kali, mbona hazikuingia? Yule dada anayeimba mbele, Simone, kabebwa na sura, na mwenzake Mark anayekoroma angenyamaza tukapumzika. Karibuni, hoja tu, matusi hapana.

Soprano wa Majengo: Mambo ya viporo nakuachia. Hiyo "kabebwa na sura" umeitoa wapi? Mimi naimba sauti ya kwanza kwaya ya usharika hapa Moshi. Mwalimu akituletea wimbo wa juu, tukifika ubeti wa pili nusu yetu tunachezesha midomo tu, sauti imeshakata. Simone Simons anakaa huko juu wakati chini yake kuna magita, ngoma na kwaya nzima, na bado kila neno unalisikia. Aliingia Epica ana miaka 17. Wewe ukiwa na miaka 17 ulikuwa unaimba nini?

Fundi Spika: Dada punguza jazba. Ila jamaa naye ana kapointi, hizi bendi ukimtoa dada ukaweka mwingine maisha yanaendelea. Si hawahawa waliomfukuza wa kwanza kwa barua?

Kijenge Juu: Hao ni Nightwish, chalii, bendi nyingine. Wafini. Mwimbaji wao Tarja Turunen walimpa barua baada ya shoo ya Helsinki, Oktoba 2005, halafu wakaianika kila mtu asome. Akaja Anette Olzon, siku hizi ni Floor Jansen. Epica ni Waholanzi.

Fundi Spika: Huyo Floor si dada yake Mark Jansen, mwenye Epica? Nilisikia ni familia moja.

Kijenge Juu: Wapi! Walikuwa bendi moja tu, After Forever. Mark akatoka 2002 akaanzisha yake. Jansen kwa Uholanzi ni kama Mushi huku, ukiita stendi inageuka nusu ya stendi.

Mangi wa Kiborloni: Mushi wameingiaje hapa? Kila mkitaka mfano wa kitu kilichojaa mnakimbilia kwetu. Mbona hukusema Mollel? Tupa jiwe Arusha uone litampata nani.

Fundi Spika: Mangi kapandisha 😂

Mangi wa Kiborloni: Sijapandisha. Ila ninyi Chuga mna dharau. Juzi mlikuwa hip hop hamtaki kusikia kingine, leo mmehamia kwa Wazungu wanaokoroma na mnatufundisha muziki. Sisi tuna tarumbeta za KKKT, mazishi, harusi, Pasaka alfajiri, hakuna aliyewahi kuzifungulia uzi.

Kijenge Juu: Hip hop ya Arusha iache kabisa. X Plastaz walichukua rap wakaichanganya na uimbaji wa Kimaasai, Ulaya wakaitwa. Weusi mnawajua. Moshi mmetoa nani?

Mangi wa Kiborloni: Tumetoa mlima.

Abiria wa Coaster: Naomba kurudisha watu kwenye mada. Ile albamu ilikuwa imezidi saa nzima, mngeongeza nyimbo sita nani angemaliza? EP ni kama nusu saa hivi. Mimi nimeiwasha stendi ya Moshi na earphone, tunashusha Boma Ng'ombe imeisha, sijaruka hata wimbo mmoja. Na si wao wa kwanza, Nightwish walitoa EP 2001 yenye wimbo wa Gary Moore wameurudia, mashabiki mpaka leo wanaupenda.

Fundi Spika: Boma Ng'ombe mnashusha au mnashushwa na trafiki?

Mama wa Njoro: Wanangu, hamjambo. Mimi sijui EP. Kijana wangu huyaweka hayo usiku, juzi nimetoka chumbani na chupa ya mafuta ya upako nikijua kuna mtu kapagawa. Mzazi afanyeje?

Soprano wa Majengo: Shikamoo mama. Hakuna mapepo, huyo ni Mark, ndivyo anavyoimba. Kwenye hizo sita upo hata wimbo wa kupigana nayo, Fight Your Demons. Na ile kwaya ya nyuma si kinanda, ni watu. Mwambie kijana aongeze sauti ya kwaya, utapenda.

Mama wa Njoro: Marahaba. Aongeze tena?

Kijenge Juu: Soprano, bado hujajibu swali langu la viporo.

Soprano wa Majengo: Na wewe hujajibu la sura. Halafu umeilipia hiyo EP, au umepakua bure ndiyo unalalamika umeuziwa?

Fundi Spika: Hapo sasa.

Kijenge Juu: Bando ni hela.

Mangi wa Kiborloni: Nimezisikiliza, msiseme mangi hana masikio. Tatu za mwanzo mbaki nazo. Immortal Melancholy ndiyo muziki, gita na sauti ya binti, hakuna mtu wa kumkoromea. Ule ningeuweka dukani wateja wakanunua sukari kwa amani. Hivi huyo Simone hana ukoo na Mushi?

Kijenge Juu: Mangi 😂😂 Sikiliza basi Decoded Poetry, ya mwisho, ndipo umuone Mark anavyorudi.

Mangi wa Kiborloni: Huyo abaki Chuga.