Sponji ya mafuta ya nyonyo inaumuka kisha inaanguka, kosa liko wapi?

FundiNgamiani (Tanga)
Wakuu, habari. Natengeneza sponji ya viti vya bajaji kwa mafuta ya nyonyo badala ya polioli ya petroli (kimiminika cha msingi cha sponji). Kipimo: mafuta g 100, maji g 2, MDI (isosianeti, kemikali inayoigandisha sponji) g 72, silikoni (ya kushikilia vitundu) g 1.5, kichocheo cha amini g 0.5. Inaumuka vizuri, kisha inakaa chini, na kitako kinanata. Niongeze maji?

Kemia_Pwani
Usiongeze, mkuu. MDI inagombewa na wawili: maji, yanayotoa kabonidioksidi ya kuumusha, na mafuta, yanayojenga kuta za vitundu. Nyonyo ni mvivu, kwa hiyo gesi inatoka kuta zikiwa bado laini, na amini inazidi kuyachochea maji. Unakosa kichocheo cha bati, kinachoharakisha upande wa mafuta. Anza na g 0.1, panda kidogo kidogo. Ukizidisha, vitundu vinafungika vyote na sponji inasinyaa ikipoa. Kuanguka ikiwa moto na kusinyaa ikishapoa ni magonjwa mawili, usichanganye dawa.

SahareB
Huko kunata, shuku unyevu. Hesabu yako iko sawa kwa nyonyo yenye namba ya haidroksili (kipimo cha sehemu za mafuta zinazoungana na MDI) 160 na MDI yenye NCO (sehemu yake inayoungana na maji na mafuta) asilimia 31. Ila mafuta yakiwa na maji nusu asilimia tu, hiyo g 0.5 inadai karibu g 8 za MDI ambazo hukuweka. Pasha mafuta hadi nyuzi 105–110, koroga mpaka vipovu viishe, yapoe yakiwa yamefunikwa. Dumu la MDI nalo usiliache wazi, hasa masika.

FundiNgamiani
Shukrani. Na nikichanganya unga wa mabaki ya sponji, au vumbi la makumbi?

Kemia_Pwani
Unga saga laini, anza na g 5 kwa g 100 za mafuta. Ukizidi, mchanganyiko unakuwa mzito na hewa inanasa. Makumbi yasiyokaushwa ni maji uliyoyaficha. Halafu kwa kiti, nyonyo tupu inarudi taratibu mno ikikaliwa. Changanya theluthi moja ya nyonyo na theluthi mbili za polioli ya kawaida, upige hesabu ya MDI upya. Wala usimwambie mteja ni ya mimea yote: hata kwa kipimo chako cha sasa, mafuta ni kama asilimia 57 ya uzito.

SahareB
Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa MDI. Vaa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, na glavu za nitrili. Kifua kikianza kubana, acha kabisa, maana baada ya hapo hata kiasi kidogo kinaamsha pumu. Mabaki ya MDI yaliyoingia maji usiyafungie kwenye dumu, gesi italipasua.