Maneno ya Ulaya yanayofanana sura, maana mbalimbali: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu. Naanza na langu.

Mwanangu wa kwanza anaitwa Gift. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa tulimsubiri miaka sita. Mwezi wa kwanza tu tangu tuhamie Ujerumani nikampeleka kumwandikisha chekechea. Mama aliyekuwa anajaza fomu akasimamisha kalamu, akaniuliza mara mbili kama jina ndilo hilo. Kisha akanieleza kwa upole: kwa Kijerumani, Gift ni sumu. Usiku ule sikulala.

Nikaanza kuchimba. Kumbe la Kijerumani na la Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja, yote yametokana na kutoa. Zamani hata Wajerumani walimaanisha kitu kilichotolewa. Baadaye wakaiita hivyo dawa anayopewa mtu, kwa kufuata Kigiriki, maana dosis, mzazi wa dozi yetu, nayo ni kutoa tu. Kutoka dawa likahamia kwenye ile inayoua. Lakini maana ya kwanza haijafa: mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe huitwa Mitgift. Hilo ndilo nililomfundisha mwanangu. Sasa yuko darasa la nne, na wenzake anawaeleza mwenyewe.

Nani mwingine yamemkuta? Ukijua neno limetoka wapi, tuambie.

Aliyeko Stockholm:
Pole mkuu, na hongera kwa mtoto. Huku Sweden gift ni sumu, na ni mtu mwenye ndoa pia! Fomu yangu ya kwanza ilikuwa na visanduku viwili, gift na ogift, nikaviacha vyote nikidhani wanauliza habari za zawadi. Mzizi ni uleule wa kutoa: binti alitolewa kwa mume, kama sisi tunavyosema ameozwa.

Aliyeko Italia:
Mimi nilitoka Hispania nikiwa najua burro ni punda. Siku ya kwanza jikoni mpishi mkuu akaniagiza burro, nikabaki nimeduwaa. Alitaka siagi. La Kiitaliano limetokana na Kilatini butyrum, la Kihispania na burricus, farasi mdogo. Hayana udugu wowote.

Ila lililoniumiza hasa ni bomba la bafuni lenye herufi C. Kwa Kiingereza changu nikajua ni cold, nikaweka mkono wote. C ni caldo, yaani moto! Caldo linatokana na calidus ya Kilatini. Ndugu wa kweli wa cold kwa upande wa Kilatini ni gelu, baridi kali, ambalo ndilo limezaa gelato.

Aliyeko Lisbon:
Naomba niongeze linalotugusa sisi wenyewe. Mwenyeji wangu alinipigia simu tukutane mbele ya igreja. Mimi nikasikia gereza, moyo ukanilipuka. Kumbe ni kanisa, na gereza letu linatokana na neno hilohilo la Kireno. Kabla ya kuwa jela, kwetu lilikuwa ngome: nendeni Kilwa Kisiwani, ile ngome ya ufukweni hadi leo inaitwa Gereza. Na Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Siku ile nilifika kanisani nimechelewa nusu saa. Mwenyeji alikuwa bado amesimama mlangoni ananisubiri.