Tupeane uzoefu: kugeuza picha za vyeti kuwa PDF mtandaoni

Habari zenu wana Mombasa. Siku hizi ukiomba kazi unaambiwa vyeti vyote viwe PDF moja, tena isiwe nzito. Wengi tuna picha tu kwenye simu. Nyinyi mwafanyaje?

Naanza mimi. Binti yangu alipokuwa akiomba kazi ya ukarani tulitumia tovuti ya bure: wapakia picha, wazipanga, wabonyeza, wapakua. Kabla ya kubonyeza, hakikisha barua iko mbele na vyeti vinafuata, maana tovuti nyingine hupanga kwa majina ya faili. Pia chagua ukurasa wa A4, la sivyo kila ukurasa utakuja na kipimo chake.

*Mwenye saiba, Mwembe Tayari*
Ndugu zangu, tatizo kubwa ninaloliona ni picha yenyewe. Mteja ananitumia cheti cha KCSE kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kimeshabanwa, muhuri hausomeki, halafu aniambia, "Kaka, kigeuze PDF kiwe wazi." Hakiwi. PDF ni bahasha tu, haisafishi barua iliyo ndani. Tuma kama dokyumenti, si kama picha. A4 ya kuchapishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, yataka pikseli 2480 kwa 3508.

Na cheti kilicholaminishwa hung'aa. Kilaze mezani karibu na mlango mchana, zima flashi, simu iwe juu yake sawasawa. Wenye iPhone, picha zenu za HEIC, yaani aina ya faili ambayo simu hizo huhifadhia picha, hukataliwa na baadhi ya tovuti; kwenye mipangilio ya kamera chagueni zitoke JPG.

*Mama wa Likoni*
Mie kitambulisho changu sikipakii kwenye tovuti nisiyoijua, hata ikiandika kwamba faili hufutwa baada ya muda. Nitajuaje kama kweli limefutwa? Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, lakini seva yenyewe huenda iko nchi nyingine, utamfuata nani? Kwenye Android fungua picha, gusa kuchapisha, na penye jina la printa chagua kuhifadhi kama PDF. Bando halitumiki na kitambulisho hakitoki simuni. Tovuti nawaachia matangazo ya harusi.

*Mchoraji ramani za nyumba, Nyali*
Nakubaliana na mama. Niongeze kwamba ofisi hupenda PDF kwa sababu ukurasa hauhami: ulivyoupanga ndivyo utakavyoonekana kwenye kompyuta yoyote. Adobe waliitoa 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Mchoro wa mistari uhifadhini PNG kabla ya kuugeuza, JPG hutia ukungu kandokando ya mistari.

*Mwanafunzi, Tudor*
Natumia skana iliyo ndani ya Google Drive. Yanyoosha ukurasa yenyewe.

*Mwanzisha mada*
Ahsanteni sana. Mwenye saiba, na faili likizidi ukubwa waliotaka?

*Mwenye saiba, Mwembe Tayari*
Punguza picha kwanza, ndipo ugeuze. Upande mrefu ukiwa pikseli 1754 hivi, A4 yasomeka vizuri kwenye skrini. Usiibane PDF ileile mara kwa mara, namba za cheti ndizo huharibika mwanzo.