Mhadhiri apandishwe cheo kwa machapisho, au kwa alichoifanyia jamii?

Mwanamvua_T: Wakuu, kazi za mhadhiri tunaimbiwa ni tatu: kufundisha, kutafiti, huduma kwa jamii. Ila mtu akitaka kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, zinahesabiwa makala za kwenye majarida. Aliyeshinda vijijini akifundisha wakulima kukinga mahindi na dumuzi anaambulia nini? Prof. Issa Shivji, yule mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza ile Tume ya Ardhi ya mwaka 95, mpaka leo inanukuliwa. Hiyo si kazi ya kisomi? Huduma ipewe uzito sawa.

Kichwa_Ngumu: Wahadhiri gani hao? Hawa wa semina za posho? Huduma kwa jamii pale Morogoro imefanywa na panya wa kunusa mabomu. Panya wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ana medali ya dhahabu, profesa ana kitambi.

Mkulima_Msomi: Unatutukana. Nimesoma SUA, mwalimu wangu alikuwa anatufuata shambani kwa pikipiki yake, mafuta ya mfukoni mwake. Na hao panya wamejifundisha wenyewe?

Kichwa_Ngumu: Wamefundishwa na Wabelgiji. APOPO, wanaofunza hao panya, ni shirika lao, SUA katoa kiwanja tu.

Mkulima_Msomi: Kiwanja tu?? Wanaowazoesha kila asubuhi kabla jua halijachachamaa ni Watanzania. Panya buku anafunzwa kwamba akisikia "klik" kuna ndizi. Akinusa baruti iliyofukiwa anakwaruza ardhi, klik, ndizi. Inachukua miezi. Kaa na panya mmoja miezi hiyo yote halafu uje uandike "kiwanja tu".

BintiWaSheria: Samahani kuwakatiza. Tume ya Shivji iliundwa 1991, ripoti ikakamilika 1992. Mwaka 95 ni Sera ya Taifa ya Ardhi. Na sheria za 1999 ziliacha pendekezo lake kubwa, la kuitoa ardhi mikononi mwa Rais. Sasa tukisema huduma ihesabiwe, tunahesabu jasho la mtu au kilichobadilika? Maana kwa matokeo, hata Shivji pale angepata alama chache.

MzeeWaKambi: Huyo panya wa medali si ndiye Magawa? Yule wa Angola?

Mkulima_Msomi: Kambodia, mzee. Medali alipewa 2020 na Waingereza. Amefichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Amekufa 2022.

MzeeWaKambi: Apumzike. Kastaafu bila kuguswa na kikokotoo cha pensheni, ana bahati.

Mpwa_Newala: Kwetu huyo ni kitoweo 😂

Kichwa_Ngumu: Mnakula mtumishi wa umma?

Mpwa_Newala: Usilete dharau. Anabanikwa, anakaushwa, na ugali wa muhogo. Wewe unakula kuku wa wiki nne halafu unatucheka sisi.

Maabara_Moro: Nyie mnacheka, ila panya haohao wananusa makohozi kutafuta TB. Sampuli 100 ni kama dakika 20, mtu wa hadubini ni siku kadhaa. Panya akionyesha, maabara inathibitisha tena, kuna wagonjwa hospitali ziliwapita wakapatikana hivyo. Na yote yameandikwa kwenye majarida, majina ya walimu wa SUA yamo. Hapo huduma ndiyo makala yenyewe. Mnagombea nini?

Kichwa_Ngumu: Na jina la panya limo kwenye orodha ya waandishi? Halimo? Ndiyo tabia yao hiyo, kazi afanye mwingine.

Mwanamvua_T: Mimi nimeuliza habari za wahadhiri! Kichwa_Ngumu, tangu jana unawaponda tu. Wewe chuo ulifika kweli?

Kichwa_Ngumu: Nilifika. Nikadisko mwaka wa pili, nikafeli na kuondolewa. Aliyenidisko sasa ni profesa mshiriki.

Mkulima_Msomi: Aaah! Kumbe povu lina historia.

MzeeWaKambi: Somo gani, mkuu?

Kichwa_Ngumu: Takwimu. Na ule mtihani haukusahihishwa vizuri, nasema mpaka kesho.